Lanyadi ya kuzuia kuanguka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mafundi wa kazi za juu

Maswali haya nimeyakusanya kwenye vikao vya asubuhi saiti. Mengine niliulizwa pembeni, na mtu aliyeona aibu kuuliza mbele ya wenzake. Majibu yanafuata vipimo vya Ulaya, vile vyenye herufi EN kwenye lebo. Pale ambapo kipimo cha Marekani kinatofautiana kwa jambo la maana, nimekitaja. Kama jibu linahusiana na swali lingine, nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Lanyadi ni nini? Si ndiyo mkanda wenyewe?

Hapana. Unachokivaa mwilini, chenye mikanda ya mabega, kifua na mapaja, ni hanesi. Lanyadi ni kamba au utepe mfupi unaotoka kwenye hanesi kwenda kwenye kitu imara. Mwisho wake una kulabu, ile ambayo wengi saiti tunaiita "huku". Kile kitu imara nitakiita nanga.

Hanesi, lanyadi na nanga vinafanya kazi pamoja. Nimeona mara nyingi fundi amevaa hanesi nzuri, kaifunga vizuri kila mahali, na lanyadi inaning'inia mgongoni kama mkia. Mkaguzi akipita chini anaona mtu aliyevaa kinga. Huyo fundi akiteleza, ataanguka sawasawa na asiyevaa kitu.

2. Kile kipakiti kilichoshonwa kwenye lanyadi kina kazi gani?

Hicho ndicho kifyonza mshtuko, na ndicho kinachoulinda uti wa mgongo wako. Ndani yake kuna utepe uliokunjwa na kushonwa kwa nyuzi zilizopangwa kukatika moja baada ya nyingine. Ukianguka, nyuzi zinachanika, utepe unafunguka, na mwili unasimama taratibu. Ni kazi ile ile ya shokapu ya gari.

Piga hesabu kidogo. Fundi na vifaa vyake wana kilo 100, ameanguka mita 2, kisha kamba isiyonyumbuka inamsimamisha ndani ya sentimita 10. Mwili wake unapokea mvuto wa wastani wa mara 21 ya uzito wake, yaani kama tani 2. Kamba inaweza isikatike, lakini mtu anavunjika ndani. Sasa mpe kifyonza mshtuko kinachofunguka mita 1: wastani unashuka hadi mara 3 ya uzito, kama kilo 300. Kipimo cha Ulaya, EN 355, hakiruhusu mvuto upite kilonyutoni 6 wakati wowote, sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Marekani wanaruhusu hadi kilonyutoni 8.

Ndiyo maana kipande cha kamba ya manila, hata kiwe kinene kama mkono wa mtoto, si lanyadi ya kuzuia kuanguka.

3. Mkanda wa kiunoni hautoshi? Mbona wazee wetu waliutumia?

Waliutumia, na waliodakwa nao wakianguka waliumia vibaya. Ukisimamishwa ghafla kwa mkanda wa kiunoni, nguvu yote inaishia tumboni na kwenye mbavu. Unaweza pia kupinduka kichwa chini na kuchomoka. Marekani walikataza mkanda wa kiunoni kwa kazi ya kudaka mtu anayeanguka tangu Januari 1, 1998. Bado una kazi yake ya kumshikilia fundi mahali pake, kama inavyoelezwa swali la 4.

4. Kuna lanyadi za aina ngapi?

Kwa fundi, cha muhimu ni kazi inayofanywa na lanyadi.

Ya kwanza inakuzuia usifike ukingoni. Ni fupi kiasi kwamba ukivuta hadi mwisho, bado uko hatua moja nyuma ya ukingo. Huanguki kabisa. Ikiwezekana, hii ndiyo bora kuliko zote, na nashangaa jinsi tunavyoisahau.

Ya pili inakushikilia mahali pa kazi ili mikono yote miwili iwe huru, kama fundi wa nguzo ya umeme au mnara wa simu anayeegemea mkanda wake. Inafungwa kwenye pete za ubavuni. Haina kifyonza mshtuko, kwa hiyo lazima uwe pia na kinga ya pili ya kukudaka.

Ya tatu ndiyo mada yetu: inakuacha uanguke kidogo, kisha inakudaka. Ina kifyonza mshtuko, na kwa kipimo cha Ulaya urefu wake wote pamoja na kifyonza hauzidi mita 2. Inafungwa kwenye pete ya mgongoni katikati ya mabega, au ya kifuani. Pete zinazofaa kudaka zina alama ya herufi A kwenye hanesi. Pete ya ubavuni isitumike kwa kazi hii hata siku moja.

## Wapi pa kufunga

5. Nifunge juu ya kichwa, usawa wa mgongo au miguuni?

Juu, kila inapowezekana. Tofauti si ndogo. Chukua lanyadi ya mita 2 na pete ya mgongoni iliyo mita 1.5 kutoka nyayo zako:

- Nanga ikiwa miguuni, utaanguka mita 3.5 kabla lanyadi haijakaza. Hapo una kasi ya kilomita 30 kwa saa.
- Nanga ikiwa usawa wa pete, utaanguka mita 2.
- Nanga ikiwa mita 1 juu ya pete, utaanguka mita 1 tu.

Kanuni za Marekani zinataka kuanguka huru kusizidi mita 1.8, na kwa kipimo hicho kufunga miguuni kwa lanyadi ya kawaida kumekataliwa tayari. Kuna lanyadi zilizotengenezwa kwa ajili ya kufungwa miguuni, zenye kifyonza kikubwa zaidi, na lebo yake itasema hivyo wazi. Isiposema, usidhani.

6. Nanga iwe na nguvu kiasi gani?

Nanga ya chuma inayopimwa kwa EN 795 lazima ihimili kilonyutoni 12, yaani kama tani 1.2. Marekani wanataka kilonyutoni 22.2 kwa kila mtu aliyefungwa hapo, zaidi ya tani 2, isipokuwa mtaalamu amebuni mfumo mzima na kuthibitisha.

Fundi hana mashine ya kupimia. Kwa hiyo mimi huwaambia vijana wajiulize: ningethubutu kuning'iniza gari dogo hapa na kusimama chini yake? Ukisita, tafuta mahali pengine. Na mtu mmoja, nanga moja, labda kama aliyeiweka amesema inabeba wawili.

7. Naweza kufunga kwenye mirunda, bomba la jukwaa au nondo?

Mirunda, yaani miti ya kujengea jukwaa: hapana. Imeshikwa kwa misumari na kamba, na hakuna aliyejua ina nyufa wapi ilipokatwa. Ukianguka utaivuta pamoja na wenzako waliosimama juu yake.

Jukwaa la mabomba: tu ikiwa limefungwa kwenye jengo, limekaguliwa, na msimamizi wa jukwaa ameonyesha ni bomba lipi na sehemu ipi. Kipande cha kujishikia mkononi si nanga.

Nondo zinazochomoza juu ya nguzo: hapana. Hili ndilo ninalolikuta zaidi ya yote, kwa sababu nondo iko karibu na inaonekana ngumu. Nondo iliyosimama peke yake inapinda, na kulabu inapanda juu na kutoka kwenye ncha iliyo wazi. Zege likishashika vizuri, zungushia nguzo yenyewe mkanda wa nanga, ule mpana uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kulabu iingie kwenye pete zake.

8. Nikizungusha lanyadi kwenye boriti na kuifunga yenyewe kwa yenyewe?

Usifanye, labda lebo iruhusu. Kulabu itakuwa inabonyeza utepe wake au kuvutwa kwa ubavu, na kulabu haikutengenezwa kuvutwa kwa ubavu. Pia utepe utakuwa unakwaruzwa na kingo za chuma. Mkanda wa nanga uliotajwa swali la 7 ni wa bei ndogo kuliko lanyadi, na unamaliza tatizo hili.

9. Kwenye paa la mabati je?

Bati halibebi mtu anayeanguka, na papi, ule ubao mwembamba unaopigiliwa bati, iliyoshikwa kwa misumari miwili pia haibebi. Nanga iwe kwenye kenchi kuu au kwenye muundo wa jengo, kwa maelekezo ya aliyebuni paa. Mara nyingi jibu zuri ni kamba ndefu ya kutembelea yenye kifaa kinachojikaza, badala ya lanyadi ya mita 2 inayokulazimisha kufungua kila hatua tatu. Jihadhari na vigae vya zamani vya asbesto na karatasi za plastiki za kuingiza mwanga: hapo unaanguka katikati ya paa, mbali na ukingo wowote.

## Nafasi iliyo chini yako

10. Kunahitajika mita ngapi chini ili lanyadi initoe salama?

Kama kuna swali moja ningependa kila fundi alijibu usingizini, ni hili. Lanyadi haikudaki papo hapo. Inakaza, kifyonza kinafunguka, na mwili wako unaning'inia chini yake. Vyote hivyo vinakula urefu. Hesabu kutoka kwenye nanga kwenda chini:

- urefu wa lanyadi: mita 2
- kifyonza kikifunguka hadi mwisho: mita 1.75
- kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo: mita 1.5
- nafasi ya akiba: mita 1

Jumla ni mita 6.25 chini ya nanga. Nanga ikiwa miguuni, unahitaji mita 6.25 chini ya nyayo. Nanga ikiwa usawa wa pete ya mgongoni, toa mita 1.5: unahitaji mita 4.75. Lebo ya lanyadi yako ikitoa namba nyingine, fuata ya lebo.

Na nafasi hiyo iwe tupu. Rundo la nondo, ngazi, ukuta uliojengwa nusu au jukwaa la chini vyote vinapunguza hesabu.

11. Kwa hiyo kwenye ghorofa ya kwanza lanyadi ya mita 2 haina maana?

Ikifungwa miguuni au usawa wa mgongo, haitakuokoa. Ghorofa moja ni kama mita 3. Utagonga ardhi kifyonza kikiwa bado kinafunguka. Watu wengi wanaumia hapa wakiamini wamejikinga.

Fanya mojawapo ya haya: weka vizuizi vya ukingoni usihitaji lanyadi kabisa, tumia lanyadi fupi isiyokufikisha ukingoni (swali la 4), pandisha nanga juu ya kichwa hadi hesabu ya swali la 10 itoshe, au tumia kifaa chenye kamba inayojikunja yenyewe, kinachojikaza mara moja kama mkanda wa gari na kuhitaji nafasi ndogo zaidi. Na hicho nacho kina lebo yake ya nafasi, isome.

12. Nikianguka upande, si chini ya nanga?

Utabembea kama pendulo. Ukuta au nguzo utakayoigonga upande haijali kwamba hukufika chini. Fanya kazi karibu na mstari ulionyooka chini ya nanga, usizidi nyuzi 30 kila upande. Kazi ikisogea, sogeza nanga.

## Kutumia lanyadi kazini

13. Lanyadi ya miguu miwili inatumikaje?

Ni ya kusogea bila kubaki huru. Funga mguu wa pili mbele, ndipo ufungue wa kwanza nyuma. Kila sekunde kulabu moja iwe imefungwa. Mtu husema, "Ni hatua moja tu." Kuanguka mita 2 kunachukua sekunde 0.64. Hakuna mkono unaowahi.

Kosa kubwa la lanyadi hii ni kufunga mguu usiotumika kwenye pete ya chuma ya hanesi. Ukianguka, mguu huo unaweza kukaza kabla ya kifyonza kufunguka, na mshtuko wote ukaja mwilini kana kwamba kifyonza hakipo. Tundika mguu wa ziada kwenye kile kishikizo chepesi cha kifuani kilichotengenezwa kuachia kikivutwa.

14. Ikiwa ndefu mno, nifunge fundo? Ikiwa fupi, niunganishe mbili?

Fundo hapana, linapunguza sana nguvu ya kamba. Kwenye saiti moja nilikuta lanyadi ina mafundo matatu, na mwenyewe alijivunia kuwa ameirekebisha. Tuliikata siku ile ile. Kuunganisha mbili hapana pia: utaanguka mbali zaidi, kwa mshtuko ambao kifyonza hakikujaribiwa nao. Na usijifunge lanyadi mbili zenye vifyonza viwili kwa wakati mmoja kwenye pete moja ukidhani umejikinga mara mbili. Vikivutwa pamoja, mshtuko unaongezeka. Lanyadi ya miguu miwili ina kifyonza kimoja kwa sababu hiyo.

15. Nitajuaje kulabu imefunga kweli?

Usitegemee mlio. Vuta, kisha angalia kwa macho kuwa lango limerudi na kufuli limekaa. Kulabu ya pete ya mgongoni huioni, kwa hiyo mwenzako akukague nawe umkague. Inachukua sekunde kumi.

## Ukaguzi na matunzo

16. Nikague nini kila asubuhi?

Pitisha utepe wote mikononi, uukunje kidogo ili mikato ijitokeze. Tafuta mkato ukingoni hata wa milimita 1, nyuzi zilizochanika, sehemu iliyokakamaa, alama za cheche, madoa ya kemikali, rangi iliyopauka. Angalia mishono: rangi yake hutofautishwa na utepe makusudi, uone ikikatika. Angalia kama kifuko cha kifyonza kimechanika au utepe wa ndani umeanza kutoka. Fungua na ufunge kulabu. Ikikwama kwa kutu au mchanga, usipande nayo. Kwetu pwani, chumvi ya bahari huanza kula springi kabla kutu haijaonekana nje.

Ukiona lolote, itenge. Usiirudishe kwenye ndoano ya stoo mwingine aichukue.

17. Ukaguzi wa kina ufanywe mara ngapi, na nani?

EN 365 inataka angalau mara moja kila miezi 12, na mtu mwenye ujuzi, akiandika kwenye rejesta kwa namba ya kifaa. Uingereza, mamlaka ya usalama kazini inashauri kila miezi 6, na kila miezi 3 kwa kazi ngumu kama kufunga vyuma na majukwaa. Kwa saiti zetu zenye vumbi, zege na jua, ningefuata miezi 3.

18. Inaoshwaje, na ikae wapi?

Maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha ianikwe kivulini. Jua la mchana linaunguza nyuzi kimyakimya. Usitumie petroli, thina wala jiki. Zege bichi lina magadi makali yanayodhuru poliesta, na tindikali ya betri inaharibu nailoni, kwa hiyo usiitupe nyuma ya pikapu pamoja na betri na ndoo za zege. Usiandike jina lako kwenye utepe kwa kalamu ya wino. Andika kwenye lebo.

19. Imemdaka mtu lakini inaonekana nzima. Itumike tena?

Hapana. Kifyonza kikishafunguka hata kidogo, kazi yake imekwisha, na hanesi iliyomdaka nayo iondolewe. Ikate vipande kabla ya kuitupa, maana jalala letu lina watu wanaookota.

20. Nitatambuaje iliyo halali dukani?

Lebo iwe na jina la mtengenezaji, namba ya kifaa, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kipimo, kwa mfano EN 355. Alama ya CE iambatane na namba ya tarakimu nne ya taasisi inayosimamia upimaji. Iwe na maelezo ya matumizi. Lebo ikikosekana au haisomeki, usiinunue hata ikipunguzwa bei. Ya mtumba pia usinunue: hujui ilishamdaka nani.

## Mtu akianguka

21. Ameshadakwa, ananing'inia. Sasa?

Anza kumtoa mara moja. Mtu anayening'inia bila kusogea anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, kwa sababu damu inabaki miguuni. Kama ana fahamu, mwambie asukume miguu, akanyage ukuta au kamba za kukanyagia kama hanesi yake inazo. Mtoe kwa njia mliyoipanga kabla ya kazi: ngazi, jukwaa la kuinuka, au vifaa vya kumshusha.

Akifika chini, mlaze. Zamani ilifundishwa kwamba akalishwe kwanza asilale. Mapitio yaliyofanywa Uingereza mwaka 2009 hayakuona msingi wa mafunzo hayo. Huduma ya kwanza ya kawaida: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Hata akisema yuko sawa, aende hospitali.

Namba za dharura Tanzania ni 112, na Zimamoto 114. Kenya ni 999 au 112. Lakini mpango wa uokoaji usiwe kusubiri Zimamoto kwenye foleni. Kama hamna njia yenu ya kumtoa, kazi hiyo isianze, na fundi asiwe peke yake juu.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nina kilo 110 bila vifaa. Lanyadi ya kawaida inanifaa?

Kipimo cha EN 355 hufanywa kwa uzito wa kilo 100. Kuna zilizoidhinishwa na watengenezaji hadi kilo 140, na lebo husema. Hesabu mwili, nguo, buti na mkanda wa vifaa vyote pamoja. Usione haya kutaja uzito wako stoo.

23. Nachomelea juu. Cheche je?

Utepe wa kawaida unayeyuka. Omba lanyadi ya aramidi, nyuzi zinazostahimili joto, au ya waya wa chuma yenye kifyonza kilichofunikwa. Waya usitumike karibu na nyaya za umeme.

24. Kwenye kapu la mashine ya kunyanyua watu?

Lanyadi fupi ya kukuzuia usirushwe nje, ikifungwa kwenye pete ya nanga iliyomo ndani ya kapu. Reli ya kujishikia haifai, na jengo lililo pembeni ni hatari zaidi: mashine ikisogea itakuchomoa.

25. Bosi anataka tununue wenyewe, au tupande bila.

Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamwekea mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi wake. Kenya kuna sheria ya mwaka 2007 chini ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Hiyo ya Kenya inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri asimrudishe pale kabla hatari haijaondolewa.

Najua kibarua wa siku anaogopa kuambiwa kesho asije. Msikatae mmoja mmoja. Nendeni watatu au wanne kwa formeni, mtaje sehemu yenyewe: ukingo ule, ghorofa ile, hakuna nanga. Formeni wengi nimewaona wakisimamisha kazi wakishaonyeshwa mahali kwa kidole.